Barua Iliyokwenda kwa Wote

Mkunga alikuwa na mikono ambayo wanawake wa mtaa mzima waliiamini, na mume ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumtilia shaka. Mume alikuwa mfasiri. Alifanya kazi nyumbani, kwenye kona ya sebule, mbele ya kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya cherehani, cherehani yenyewe ikiwa imeshauzwa zamani. Alifasiri chochote alicholetewa: maelezo ya pampu za maji, vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi za dawa, mikataba ya upangaji, na mwaka ule, kwa bahati njema, vitabu vitatu vya sayansi vya shule. Vitabu hivyo vingetoka jina lake likiwa kwenye jalada, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mkewe alimwita Kamusi. Lilikuwa jina la ndani ya nyumba. Mbali na wao wawili na binti yao aliyekuwa akisoma bweni, aliyelijua ni dada yake mfasiri peke yake, maana Jumapili hakosi kula kwao.

Dada huyo, yaani wifi wa mkunga, alifundisha kompyuta katika chuo cha makarani. Ndiye aliyewaunganishia mtandao, kwa hiyo utani wa wifi kuleta waifai ulikuwa umezungushwa pale nyumbani mpaka ukachakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Aliweka kwenye kompyuta ya kaka yake programu ya kuzuia virusi, ambayo wao waliiita Mlinzi, kisha akamkalisha kaka mtu na kumfundisha adabu za barua pepe kama anavyowafundisha wanafunzi wake. Andika mada ili mtu ajue unamwitia nini. Msalimie. Usiandike yote kwa herufi kubwa, ni sawa na kumpigia kelele sikioni. Kabla hujatuma, tazama tena inakwenda kwa nani na nani. Barua ya mtu usiyemjua, yenye kiungo cha kubofya, iache ilivyo au itupe.

Mkunga aliyasikia masomo hayo kutoka jikoni akimenya viazi, kwa sikio moja. Aliona ni mambo ya watu wa ofisini. Kazini kwake mtu akiwa na neno huja mlangoni na kulisema. Wifi alimfungulia na yeye anwani yake, kwa ajili ya fomu za likizo, naye akawa anaifungua mara moja kwa wiki, anakuta barua moja ya msimamizi wa wodi na nyingine mia za watu wanaotaka kumuuzia dawa za kupunguza tumbo.

Wivu uliingia kwa mlango mdogo sana. Asubuhi moja ya siku yake ya mapumziko alikuwa anafuta vumbi sebuleni. Mumewe alikuwa bafuni, na kompyuta aliiacha inawaka. Maandishi yalikuwa makubwa kuliko kawaida, yamejaa skrini nzima, kwa hiyo hata asingetaka kusoma angesoma.

"Mpendwa," barua ilianza. "Pole sana na jambo lile. Usiogope, kwangu limefika na kwangu litabaki. Jumanne ukimaliza nijulishe, hata kama ni neno moja tu. Wako, Mhariri."

Alibaki ameshika kitambaa cha vumbi. Mhariri alimjua kwa sauti tu, kwa sababu mara mbili tatu alipiga simu akaipokea yeye: sauti laini ya mwanamke, yenye kicheko kinachotangulia maneno. Ofisi yao ilikuwa mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Lakini mabasi yapo, alijiambia, na wenye kwenda huenda. Lililomchoma zaidi lilikuwa lile neno la kwanza. Tangu waoane hajawahi kuandikiwa na mumewe neno Mpendwa. Ujumbe wake wa mwisho kwenye simu ulisema: "Chumvi imekwisha."

Mlango wa bafuni ulipolia alirudi kwenye kabati na kuendelea kufuta. Mfasiri alitoka na taulo shingoni, akaona skrini, akaenda moja kwa moja kuifunga ile barua, kisha akauliza kama chai iko tayari. Ile haraka yake ya kuifunga ndiyo iliyommaliza mkunga.

Tangu siku hiyo akaanza kuona mambo. Aliona kwamba kila Jumanne mume anaoga mapema, anavaa shati la mikono mirefu, anaondoka saa mbili na nusu na kurudi karibu na saa sita. Akimuuliza, jibu lilikuwa benki, au posta, au kutoa nakala. Aliona kwamba ameanza kukaa kwenye kiti akiwa amegeuza uso upande, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Aliona kwamba akimsemesha kutokea kushoto huchelewa kugeuka. Anamuwaza, alisema moyoni. Mwili uko hapa, roho iko kwa Mhariri. Wodini mikono yake iliendelea na kazi bila makosa, lakini mama mmoja aliyejifungua alimuuliza kwa upole kama anaumwa, akajibu kuwa ni usingizi.

Hakumwambia mtu. Wivu ukikaa ndani bila hewa huota kama ukungu ukutani, naye ulimwotea wiki tatu. Alijilinganisha na mtu asiyemjua hata sura. Alijitazama kwenye kioo akaona mikunjo ambayo mwezi uliopita haikuwepo. Aliikumbuka ile sauti, akaitengenezea mwili, akauvisha nguo, akaufundisha kutembea, mpaka yule mwanamke akawa anatembea ndani ya nyumba yake kila saa.

Jumanne ya nne mume alipotoka, mkunga alikaa kwenye kompyuta na kufungua anwani yake mwenyewe, kwa kisingizio cha fomu ya likizo. Katikati ya dawa za tumbo kulikuwa na barua yenye mada hii: Unajua mwenzio anaandika nini kwa siri?

Laiti ingefika mwezi mmoja kabla, angeipita kama alivyozipita nyingine zote. Siku ile aliona kama imeandikwa na mtu aliyemwona. Hakujiuliza huyo mtu kaipata wapi anwani yake, wala kwa nini hakumsalimu kwa jina. Alibofya. Ukurasa ukafunguka, wenye picha ya mwanamke mwenye machozi mashavuni na maelezo rahisi: programu ndogo, haionekani, inaandika kila kidole kinachobonyeza, wiki mbili bila malipo.

Mlinzi alijitokeza mara moja. Kisanduku chekundu kilisimama katikati ya skrini na kusema programu hii haijulikani na inaweza kuwa hatari. Je, ana uhakika? Akabonyeza Ndiyo. Kikatokea kingine. Ndiyo. Ule ukurasa wenye picha ulimwelekeza namna ya kumzima Mlinzi kabisa kwa muda, hatua kwa hatua, kwa lugha ya heshima kuliko hata ya kisanduku. Akamzima. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha maji.

Alichokipata baada ya hapo kilikuwa nusu tu. Programu iliandika vidole vya mumewe, haikuandika alichojibiwa. Kila alipopata nafasi, mume akiwa dukani au amelala mchana, alifungua ule ukurasa wa siri na kusoma mistari iliyofuatana bila mpangilio, kazi na maisha vimechanganyika: sura ya saba imekwisha, mchoro wa moyo umegeuzwa, nitakutumia kesho. Na katikati yake, kama miiba ndani ya samaki:

"Sijamwambia bado. Nikimwambia nyumba haitakalika."

"Jumanne nimekawia mpaka saa sita. Nimerudi nikasema foleni ya benki."

"Mke wangu ni mtu mwema. Ndiyo maana inakuwa vigumu."

"Wewe peke yako ndiye ninayeweza kukuambia haya bila aibu."

Huo wa mwisho aliusoma akiwa amesimama, mkoba wa kazi begani, sare ya kazini mwilini. Kazini alifika amechelewa kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

Angeweza kumuuliza. Baadaye aliwaza sana jambo hilo: kwamba mtu alikuwa ndani, hatua sita kutoka kitandani hadi mezani, na neno lenyewe lilikuwa moja tu. Lakini aliyekwisha kusoma kwa kuchungulia hawezi tena kuuliza kwa uso mkavu. Angeulizwa amejuaje. Kwa hiyo akala naye chakula, akamjibu kwa "ndiyo" na "sawa", akalala ameutazama ukuta.

Jumatatu iliyofuata mfasiri alikwenda kununua wino wa printa. Mkunga aliketi, akaingia kwenye anwani ya mumewe, maana neno lake la siri nalo lilikuwa limeandikwa na ile programu, herufi kwa herufi. Barua ya juu kabisa ilitoka kwa Mhariri, inahusu michoro ya kitabu cha kwanza. Hakuisoma. Alitafuta pa kujibia, akaona vitufe viwili vinavyofanana, kimoja chenye mshale mmoja na kingine chenye miwili. Akabonyeza chenye miwili. Herufi za kibodi alizifungia ziwe kubwa, ili ujumbe ufike.

"MWACHE MUME WA MTU. KAMUSI ANA MKE NA MTOTO. UKITAKA WAKO TAFUTA WAKO. JUMANNE ZIMEKWISHA."

Akatuma. Kifuani alisikia wepesi ambao hakuusikia kwa wiki nyingi. Kisha akakumbuka kuifuta nakala iliyobaki upande wa zilizotumwa. Katika kuitafuta aliona imekwenda kwa nani. Mstari wa anwani ulikuwa mrefu. Kulikuwa na Mhariri, na mkurugenzi wa kampuni ya vitabu, mchoraji, wasoma prufu wawili, walimu wakaguzi watano, karani wa mikataba na mtu wa kiwanda cha uchapaji. Kumi na wawili.

Aliifuta kwake. Kwa wale kumi na wawili hakuwa na la kufanya. Mume aliporudi na wino wake alimkuta jikoni anakuna sufuria iliyokuwa safi.

Pengine siku hiyo hiyo mambo yangefumuka, kama si kwamba alasiri ile waliotengeneza programu nao walianza kazi yao. Hawakuwa wametoa kitu bure kwa kumhurumia mke wa mtu. Walikuwa na neno la siri la mfasiri na orodha ya watu wote aliowahi kuwaandikia, na kufikia jioni watu mia tatu na kitu walikuwa wamepokea barua kutoka kwake: dawa za nguvu za kiume, viatu, bahati nasibu, picha ambazo mtu mzima hawezi kuzifungua ofisini. Mwalimu wake wa zamani alipata. Mkuu wa shule ya binti yao alipata. Kwenye kompyuta yenyewe kila mfasiri alipofungua ukurasa mmoja zilifunguka saba.

Simu ililia siku nzima ya pili. Wengine walicheka, wengine walikuwa wakali. Mkurugenzi wa kampuni alisema kwa sauti ya baridi kwamba mpaka jambo lieleweke hawatapokea faili lolote kutoka kwake, na kwamba vitabu vilivyobaki vitafikiriwa upya. Mfasiri alijibu "nimekuelewa, mheshimiwa" mara nne, akaweka simu chini, akakaa ameshika kichwa. Mkunga alimwona kutoka mlangoni. Alitaka kufurahi kidogo, akashindwa.

Wifi alikuja Jumamosi asubuhi na mkoba wake. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuchomoa mtandao. Kisha alikaa mbele ya kompyuta saa mbili na nusu, akiinywa chai bila kuitazama, huku kaka yake amesimama nyuma kama jamaa wa mgonjwa. Alieleza kidogo kidogo alichokuwa anafanya. Kuna programu ya kijasusi imeingia, alisema. Inarekodi kila kinachoandikwa na kukipeleka kwa watu wa nje. Mlinzi alizimwa, ndiyo maana hakupiga kelele. Maneno yote ya siri itabidi yabadilishwe, tena kwa kutumia kompyuta nyingine, si hii, mpaka hii isafishwe.

"Kwa hiyo hata ile barua ya herufi kubwa waliituma wao," mfasiri alisema. Alikuwa amesomewa na Mhariri kwa simu mstari wake wa kwanza tu, na kila akiikumbuka alijikunja. "Ile ya mume wa mtu. Mhariri naye anadhani hivyo. Hawa watu hawana hata haya."

Mkunga alikuwa amebeba sinia. Alisubiri wifi aseme. Wifi alimtazama kaka yake, akatazama skrini, akamwambia aende kwenye duka la vifaa akamletee kidude cha kuhifadhia mafaili, kikubwa kiasi, aeleze kuwa ni cha kunakili kazi zake kabla hajafuta kila kitu. Mfasiri akachukua kofia akatoka.

Wifi aligeuza kiti.

"Hii iliingizwa Jumanne, saa tatu na dakika arobaini," alisema. "Kaka Jumanne hakai hapa. Na ile barua nimeikuta humu kwenye kumbukumbu za programu. Wezi wa mitandaoni wanajua mengi, wifi yangu, lakini hawajui kwamba anaitwa Kamusi."

Mkunga aliweka sinia chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Utamwambia?"

"Mimi? Mimi nimeitwa kusafisha kompyuta." Wifi alirudi kwenye kibodi. "Yeye keshaamini kuwa ni wezi. Ukinyamaza, yatapita. Sijui tu utalala vipi."

Mkunga akamwambia basi, kwa hasira iliyochanganyika na machozi, yale aliyoyasoma: Jumanne, na aibu, na wewe peke yako. Alitaka wifi naye achomwe. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama kaka yake amewahi kumwambia anakwenda wapi hasa hizo Jumanne. Mkunga akasema hapana. Wifi akasema hata yeye hajui, na kwamba hilo halimpendezi, lakini mtu hawezi kumuuliza mwenzake kitu alichokipata kwa kuchungulia kabla hajakiri. Ulikuwa ni ushauri mgumu, na mkunga aliuchukia papo hapo.

Mfasiri aliporudi, wifi alinakili alichohitaji, akaibeba kompyuta akasema ataimalizia kwake, akaondoka kabla ya chakula, jambo ambalo si kawaida yake. Mkunga alimkuta mumewe amesimama dirishani. Alikuwa amejipangia maneno, lakini yalipotoka yalitoka bila mpango.

"Ile barua niliiandika mimi."

Akamweleza yote, tangu kitambaa cha vumbi mpaka kile kitufe chenye mishale miwili, na jinsi alivyomzima Mlinzi kwa mkono wake. Alipomaliza, mfasiri aliketi.

"Ulisoma yote?" aliuliza.

"Nilisoma nusu yako. Yake sikuiona. Lakini nusu yako ilinitosha."

"Haikutosha," mfasiri alisema.

Ndipo akamwambia. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufa. Alianza kuona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, pembeni kote giza, katikati mwanga mdogo. Mhariri ndiye aliyegundua, kwa sababu tafsiri zilianza kuruka mistari. Sura ya nne ilikuja na aya nzima imekosekana, halafu ya tano. Alimuuliza, naye akakubali. Baba yake Mhariri alikuwa na ugonjwa huo huo, presha ya macho, na Mhariri ndiye aliyemhimiza aende kliniki, akawa anamwandikia kwa maandishi makubwa ili asijisumbue. Jumanne ni siku ya kliniki ya macho, katika hospitali nyingine, si ile anayofanya kazi mkewe. Mpaka kufikia wiki ile madaktari walikuwa wamezungumza naye mara tatu habari ya kumpasua.

Mkunga akaketi kwenye ukingo wa kochi.

"Mnaonana naye wapi?"

"Hatujawahi kuonana. Sijui hata ana umri gani."

Mtu angetegemea kwamba hapo wivu ungeyeyuka. Haukuyeyuka. Uligeuka tu, ukakata upande mwingine, ulio na makali zaidi. Kumbe kulikuwa hakuna mwanamke wa kumpokonya mume. Kulikuwa na mwanamke aliyejua kabla yake.

"Mimi nauguza watu wa watu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Watu nisiowajua wananishika mkono. Na wewe, jicho lako unampa habari mtu wa saa nne kwa basi. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu yeye haniangalii," mfasiri alijibu. "Wewe ungeniangalia kila siku. Ungenikataza kazi, na ungekuwa na haki. Mwaka ule ulipomuuguza mama yako nilikuona unavyorudi kutoka wodini na kuanza wodi nyingine chumba cha pili. Nikasema nimalize kitabu kwanza. Nilikuwa nakuonea huruma, na pia nilikuwa naogopa. Usiniulize kipi kilikuwa kikubwa."

"Ungenionea huruma kwa kunidanganya habari za benki?"

Akasema hapana, hilo lilikuwa kosa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba na yeye ana swali: ni vipi mtu anamwekea mwenzake mpelelezi ndani ya nyumba. Si kwa sababu ya barua za dawa. Hata kama zisingetumwa. Alisema kila akikumbuka kwamba alikuwa anaandika na mtu anasoma vidole vyake, pamoja na yale aliyoyaandika akayafuta, anasikia kama amevuliwa nguo sokoni. Mkunga alisema tu, "Nilikuwa naungua," na huo ndio ulikuwa ukweli wote aliokuwa nao.

Siku mbili walikaa hivyo, wakipeana chumvi na kupishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji.

Jumatatu alasiri wifi alirudisha kompyuta ikiwa safi, kila kitu kimefutwa na kuwekwa upya. Mlinzi alirudishwa, safari hii asiyeweza kuzimwa bila neno la siri ambalo wifi alilishika mwenyewe, na programu zote zikapangwa zijisasishe zenyewe bila kumngoja mtu. Kila mmoja wao alipewa mlango wake wa kuingilia, mume wa kwake, mke wa kwake. Maneno mapya ya siri yalikuwa marefu, sentensi nzima, na kila mmoja aliandika lake bila mwenzake kuona. Mkunga alijikuta anajiuliza mumewe ameandika nini. Akajilazimisha kutazama pembeni.

Kisha akamwomba wifi amfundishe, tangu mwanzo, kwa masikio yote mawili. Kitu cha kwanza alichotaka kujua ni namna ya kuwaandikia watu kumi na wawili bila kila mmoja kuona anwani za wenzake, na wifi akamwonyesha ule mstari wa nakala ya siri ambapo majina hujificha. Barua ilimchukua alasiri nzima. Aliituma kutoka anwani yake, mada ikiwa Kuomba radhi.

"Habari zenu. Mimi ni mke wa mfasiri wa vitabu vyenu vya sayansi. Barua ya herufi kubwa mliyoipata Jumatatu iliyopita haikuandikwa na wezi. Niliiandika mimi, kwa wivu, na haikuwa na ukweli. Mume wangu hakujua. Barua nyingine zilizofuata zilitumwa na wahalifu, lakini mimi ndiye niliyewafungulia mlango, kwa kubofya nisichokijua. Tafadhali msifungue kiungo chochote kilichotoka kwenye anwani yake wiki ile. Namwomba radhi Mhariri kwa namna ya pekee. Kazi ya mume wangu isihukumiwe kwa kosa langu. Wenu kwa heshima."

Mfasiri aliisoma kabla haijatumwa, uso ameugeuza upande ili alitumie jicho zima. Alirekebisha nukta moja. Neno hakugusa.

Majibu yalikuja kwa vipande. Watano hawakujibu kabisa. Mwalimu mkaguzi mmoja aliandika kwamba na yeye aliwahi, bila kueleza aliwahi nini. Mkurugenzi alijibu mistari miwili: kitabu kilichoanza kitamaliziwa na mfasiri huyo huyo, viwili vilivyobaki vimeshapewa mtu mwingine. Hapo mkunga alitoka nje akakaa kwenye ngazi, maana sasa alijua thamani ya jalada moja badala ya matatu. Mhariri alichukua wiki nzima. Aliandika kwamba siku ile alikaa mbele ya wenzake wa ofisi bila kujua aweke wapi uso wake, na kwamba msamaha ameupokea lakini asitegemewe kucheka nao kwa sasa. Mwishoni aliuliza tarehe ya kupasuliwa imepangwa lini, na kama mkunga anajua kwamba baada ya hapo mgonjwa haruhusiwi kuinama wala kunyanyua kitu kizito. Mkunga alijua. Alikereka kuulizwa. Hata hivyo akamjibu siku hiyo hiyo, kwa salamu, kwa tarehe, na kwa shukrani moja fupi iliyomgharimu.

Jumanne waliyompasua mfasiri, mkunga alikuwa amekaa naye tangu saa moja asubuhi, akiwa mke wa mgonjwa na si mkunga wa hospitali, kazi ambayo hakuijua. Daktari alisema kilichopotea hakitarudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Mfasiri alirudi nyumbani na kiraka, akakatazwa kusoma kwa majuma kadhaa, na sura mbili za kitabu zilikuwa zimebaki.

Kwa hiyo alikaa kwenye kochi akifasiri kwa mdomo, baada ya mkunga kumsomea, naye mkunga akaandika. Aliandika polepole, vidole viwili, akimuuliza kila mstari. Waligombana juu ya neno la utando wa moyo karibu saa nzima. Mara moja moja mmoja wao alicheka, na kicheko kile kilikuwa kigeni kwao wote wawili.

Sura ilipokwisha ilibidi itumwe na barua. Mfasiri alilaza kichwa nyuma akaitamka: mada, salamu, sura ya kumi na moja hii hapa, samahani kwa kuchelewa. Jicho linaendelea vizuri.

"Mwambie maumivu yamepungua, ila usiku naogopa."

Vidole vya mkunga vilisimama juu ya kibodi. Hilo la kuogopa hakuwa ameambiwa. Wivu ulimpanda tena, ule ule, haukuwa umekwenda popote.

"Unaogopa nini?" aliuliza bila kugeuka.

Mume akaanza kumweleza, naye akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiacha barua pale ilipofika, akasogeza kiti mpaka kando ya kochi ili asikie vizuri. Ilikuwa karibu saa kumi alasiri walipoikumbuka na kuituma.